Kuiga Sauti Mpaka Ulimi Ukubali

Mtu akikusifia Kiingereza chako huku mmetazamana, usimwamini sana. Uso wako unamsaidia, mikono yako inamsaidia, hata karatasi uliyomwekea mezani inamsaidia. Simu haina huruma hiyo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekaa dawati la bukingi kwenye kampuni za utalii hapa Arusha, na ninachojua kuhusu matamshi nimefundishwa na simu kuliko darasa. Mgeni yuko Ohio, laini inakwaruza, anataka kujua ni saa ngapi gari litamkuta uwanja wa ndege wa KIA, na kila unachomjibu anarudisha "Sorry?" Ukishaisikia hiyo "sorry" mara ya tatu unaanza kupaza sauti, utadhani aliye upande wa pili ni kiziwi. Wengi wetu ndivyo tulivyo: tunaongeza sauti, matamshi tunayaacha palepale.

Na si kwamba sikuwa nimesoma. Kama watoto wengi wa shule za serikali, msingi nilisoma kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza nikakuta masomo yote yamegeuka Kiingereza, kuanzia jiografia hadi baiolojia. Ukivuka hapo salama, kuandika unajua. Barua pepe zangu zilikuwa safi na wageni walizijibu kwa heshima zote. Lakini Kiingereza chetu kilikuwa cha ubaoni. Mwalimu alikisikia kwa mwalimu wake, naye kwa wake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukitumia akishatoka getini. Kisha kulikuwa na vicheko. Ukichapia, darasa zima hoi. Ukitamka vizuri kupita wenzako ndiyo kabisa: "anabana pua huyo", "anajifanya mzungu". Mwanafunzi aliyewekwa kati ya vicheko viwili hivyo anajifunza njia moja tu ya usalama, nayo ni kusema Kiingereza kwa mapigo ya Kiswahili, kama wote. Mimi naamini Kiingereza cha wengi kinafia hapo, wala si kwenye sarufi. Nawajua wahasibu na wauguzi wanaoandika ripoti usiyoweza kuitia doa, na simu ya mzungu ikiingia wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi chumba cha pili.

Aliyenitoa huko ni jirani yetu wa Sakina, mama mtu mzima aliyekuwa mkalimani. Mji huu una watu wa namna hiyo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa kwa azimio la Novemba 1994, ilikaa hapa mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, na humo ndani maneno yalikuwa yakivuka kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza kutwa nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ipo hapa tangu 2007. Kwa hiyo kuna watu Arusha ambao kazi yao yote ni masikio na mdomo, na unawakuta soko la Kilombero wakibishana bei ya nyanya kama wewe.

Nilimfuata kwake jioni moja, nikamwamkia, nikamweleza shida. Akacheka. Akasema yeye hafundishi, ila anaweza kuniambia zoezi ambalo wakalimani wanafanyishwa kabla hawajaruhusiwa kugusa tafsiri yoyote.

"Tafuta mtu anayeongea, mwanangu. Akisema na wewe sema. Usisubiri amalize sentensi, usitafsiri, usiwaze. Mfuate kama kivuli."

"Hata nisipoelewa, mama?"

"Ukielewa utaanza kufikiri, na ukifikiri atakuacha. Kwanza mdomo."

Ndivyo linavyofanyika. Unavaa spika za masikioni, msemaji anaanza, na wewe unamrudia kwa sauti ukiwa nyuma yake kwa pumzi fupi, neno moja au mawili, bila kusimama. Baadaye niligundua zoezi hili lina historia nje ya ukalimani. Mwaka 1953 Colin Cherry, aliyekuwa akichunguza jinsi mtu anavyoweza kumsikiliza msemaji mmoja katikati ya wengi, aliwavalisha watu vifaa vya kusikilizia, kila sikio na maneno yake, akawaambia warudie kwa sauti yale ya upande mmoja tu. Na kwa wanaojifunza lugha, Mmarekani Alexander Arguelles ndiye aliyelitangaza sana. Yeye anasisitiza ufanye ukiwa umenyooka, unatembea kwa kasi, tena nje ya nyumba, na sauti itoke kweli.

Sauti kutoka kweli ni jambo jepesi kwa mtu anayeishi porini. Mimi nilikuwa natembea asubuhi kutoka Sanawari kushuka mjini hadi Mnara wa Saa, njia ambayo ina watu kuliko mawe. Wamachinga wananiangalia, madereva wa bodaboda wananiangalia. Kuna mama mmoja muuza maparachichi alifikia hitimisho kwamba nimeokoka na ninanena kwa lugha. Kila nikipita ananiitikia "Amina". Sikumkatalia. Kwa kweli ilinipunguzia aibu, kwa sababu mtu anayenena kwa lugha hakuna anayemkagua matamshi.

Nilianzia matangazo ya Sauti ya Amerika yale ya Kiingereza cha wanafunzi, yaliyoanza 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na usomaji wa polepole. Ni mahali pazuri pa kuanzia na nitawaambia hivyo watu wote, lakini si mahali pa kukaa. Msomaji anapopunguza kasi sana, maneno yanasimama kila moja peke yake, yamepangwa vizuri, na hicho sicho kinachokujia kwenye simu. Watu wakiongea kawaida maneno yao yanashikana. Kwa hiyo nilihamia mahojiano ya redio na yale ya YouTube, nikipunguza kasi hadi robo tatu pale msemaji anapokuwa mbio, kisha narudisha kasi yake. Dakika mbili za mtu mmoja, zilezile, mpaka zichoshe. Watu wengi wanakosea hapa: wanasikiliza saa nzima ya kitu kipya kila siku, mdomo umefungwa, halafu wanashangaa ulimi haujabadilika. Hata ngoma huwezi kujifunza ukiwa umekaa kwenye benchi.

Cha kwanza nilichokiona baada ya kufuata hivyo, wala sikutegemea, ni kwamba herufi zilikuwa tatizo dogo. Tatizo lilikuwa mapigo. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, hivyo hatufikirii kabisa. Na silabi zetu zote zinapewa nafasi yake kamili, tajiri na maskini sawa. Kiingereza hakina usawa huo. Silabi moja inapewa kila kitu, jirani zake zinamezwa. Chukua neno ambalo ndilo mkate wa ofisi za utalii, "itinerary". Nusu ya Arusha tunasema i-ti-ne-RA-ri, kwa utii wote wa Kiswahili. Mwingereza anasema ai-TI-na-ra-ri, anaipiga ile TI halafu zilizobaki zinaanguka nyuma yake haraka kama vile zimesukumwa. Mgeni aliyezoea kuisikia TI ikipanda, akisikia RA ndiyo iliyopanda, kichwa chake kinatafuta neno jingine kabisa. Ndipo anaposema "Sorry?"

Nikaanza kuyapanga maneno ya kazi upya. Mengine yalikuwa tayari upande wetu: "accommodation" inapigwa pale tunapopenda, "safari" vilevile, "Serengeti", "Kilimanjaro", hata jina la nchi. Haya niliyaacha. Ila "hotel" inapigwa mwisho, na "giraffe" pia. "Vehicle" inapigwa mwanzo. "Comfortable" ambayo tunaipa silabi tano za kifahari, wenyewe wanaimaliza kwa tatu, KAMF-ta-bol. "Breakfast" ni mbili tu. Sisi tunaipa nne, bre-ki-fa-sti, kwa sababu Kiswahili hakipendi konsonanti ibaki bila irabu ya kuegemea. Na "leopard", mnyama anayelipiwa pesa nyingi na kuonekana kwa shida, hana "leo" ndani yake hata kidogo. Ni LEP-ad. Madereva wangu wawili walikataa katakata. Mmoja aliniambia, "Dada, hiyo o imeandikwa, nani kaila?"

Ndiyo hasara ya kujifunza lugha kwa macho. Maandishi yetu ni ya kweli: kilichoandikwa kinasomwa. Tunaposoma Kiingereza tunakipa heshima hiyohiyo, nacho hakistahili. Ndiyo sababu kumfuata msemaji kabla ya kuona maandishi kulinisaidia kuliko kumfuata huku nasoma. Nikiona maandishi kwanza, jicho linauamuru mdomo. Nikisikia kwanza, mdomo unatii sikio, na maandishi yakija baadaye yanakuta kazi imeshafanyika.

Kuna irabu moja ambayo ndiyo inayosikika zaidi kuliko zote kwenye Kiingereza, na haina herufi yake. Ni ile ya mdomo uliolegea, si a, si e, mwanzo wa "about", mwisho wa "sofa". Silabi zisizopigwa nyingi zinageuka hiyo. "To", "for", "of", "and", zote zinaishia humo watu wakiongea kwa kawaida. "Cup of tea" ikitoka mdomoni mwa Mwingereza mwenye haraka inakaribia kabisa kapati, na mgeni wa kwanza niliyemsikia hivyo nilimjibu moyoni kwamba hapa tunaita chapati. Ukiipata irabu hii, nusu ya kasi imepatikana, maana kumbe hawaongei haraka kama tunavyodhani. Wanaruka sehemu ambazo sisi tunazikanyaga zote.

Halafu maneno yanashikana. Konsonanti ya mwisho inahamia kwenye irabu ya neno linalofuata. Sentensi ninayoisema mara nyingi kuliko jina langu ni "We'll pick you up at eight." Zamani niliitoa kwa vituo: pik, yuu, ap, at, eit. Sasa ni kamba moja, pikyuwapateit, na mahali pa kupumua ni mwisho. Niliipata kwa kumfuata mtangazaji mmoja wa redio ya Uingereza sentensi kwa sentensi, kisha nikatia maneno yangu ndani ya wimbo wake. (Ugumu wa sentensi hiyo kwetu uko mara mbili: mdomo unasema "eight" huku kichwa kinajua ni saa mbili. Kila mmoja wetu ni mkalimani wa saa, halipwi tu.)

Lakini tuzungumzie namba, kwa sababu namba ndizo zinazoumiza. Kumi na tatu na thelathini. Kumi na tano na hamsini. Wageni 15 ni magari matatu hivi. 50 ni msafara. Dola ndiyo usiseme. Tulifundishwa shuleni kwamba tofauti ni mkazo: "thirTEEN" mwisho, "THIRty" mwanzo. Ni kweli ukilisema neno peke yake. Ila likifuatwa na neno jingine lenye mkazo wake, kama "thirteen people", mkazo unarudi mwanzo na ile alama uliyoitegemea inapotea. Hapo kilichobaki kukusaidia ni irabu ndefu na ile n ya mwisho, na n ya mwisho ndiyo tunayoilegeza. Kwa Wamarekani kuna mtego wa pili: t yao katikati ya irabu inalainika inakaribia d, "thirty" inasikika thedi, "water" inakuwa wada. Mtu anayejua Kiingereza cha daftari anakaa kusubiri t ambayo haiji.

Ofisini tulimaliza ubishi kwa kuiga watu wa ndege. Marubani hawasemi "fifteen". Redioni wanataja tarakimu moja moja, "one five". Sisi pia tukaanza: "Fifteen, one-five." Na kuna jambo la marubani linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Katika matamshi rasmi ya redio za ndege duniani, tatu hutamkwa "tree", tano ni "fife", na tisa ni "niner". Yaani pale ambapo kutoeleweka kunaua watu, ile "th" iliyowatesa wanafunzi wa nchi nzima imewekwa kando, wala hakuna aliyecheka.

Hata hivyo "th" niliitaka, na niliipata mahali ambapo sikufikiria kutafuta. Huku kwetu bara wengi tunasema selasini, samani ya kitu, zahabu. Mimi nilikua hivyo, na wazazi wangu hivyo. Tulikuwa na mfanyakazi mwenzetu dada wa Pangani, anayesema thelathini, thamani, dhahabu, ulimi unagusa meno bila yeye kujua kama anafanya kazi yoyote. Siku moja niko naye kaunta ananihesabia risiti, themanini, themanini na moja, themanini na mbili, nikashtuka: sauti ninayoikimbiza YouTube imekaa kiti cha pembeni. Nikamwomba ahesabu tena. Akadhani namtania. Kuanzia hapo nikawa namfuata yeye, kwa Kiswahili, thelathini, thelathini na moja, na nilipoiweka kwenye "thirty" ilikuwa ileile. "Dhambi" na "dhahabu" zikanipa "this" na "that". Tunapeleka watoto kwenye shule za ada za kutisha wakajifunze sauti ambayo bibi yeyote wa mwambao anaitoa anapokemea kuku. Kiswahili changu kilinyooka pia, ingawa nyumbani waliniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa Tanga.

Irabu hazikuwa na msaada wa namna hiyo. Sisi tuna 5. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine, kinafika 20 hivi. Kwa hiyo kila irabu yetu moja inabeba mizigo ya nne. "Hat", "hut" na "heart" kwa sikio langu la zamani zilikuwa neno moja lenye bahati ya kuandikwa mara tatu. Mbaya zaidi ni i. "Ship" na "sheep", "live" na "leave", "fit" na "feet". Wageni wetu wengi wakishamaliza mbuga wanakwenda Zanzibar, hivyo neno "beach" tunalitaja kutwa, na ukilitaja kwa i fupi umemtukana mteja aliyelipia usiku sita. Nilishawahi kumsikia kijana wa ofisi jirani akimhakikishia bibi mmoja wa Kanada, kwa ukarimu mkubwa, kwamba atapata "beautiful white beach" ya namna hiyo. Bibi alikohoa, akaagiza maji.

Vitabu vingi vinakwambia tofauti ni urefu: hii fupi, hii ndefu. Nilifuata ushauri huo nikawa navuta tu, biiiich, na haikutosha. Nilipomfuata msemaji kwa karibu huku najitazama kwenye kioo ndipo nikaona kwamba ile fupi si i yetu iliyofupishwa. Mdomo umelegea, ulimi umeshuka kidogo kuelekea e. I yetu ya Kiswahili kwa sura ni ile ya "sheep", haina urefu tu. Basi ile ndefu nilikuwa nayo tayari, kazi ikawa kujifunza kulegeza nyingine. "Sit", "ship", "fit", "Lilly", uso umetulia kabisa. Ukitabasamu umeharibu.

Kioo na rekoda ya simu, hivyo viwili ndivyo vyombo vyangu, na rekoda ndiyo ngumu kuivumilia. Ukijisikiliza mara ya kwanza unataka kurusha simu ukutani. Sauti nyembamba, si yako. Sababu yake ni ya kawaida: ukiongea unajisikia kupitia hewani na pia kupitia mifupa ya kichwa chako, ambayo inaongeza uzito wa sauti za chini, rekoda inapata ya hewani peke yake, ileile wanayoisikia wenzako miaka yote. Ukishaikubali, inafaa sana. Narekodi dakika moja ya msemaji, kisha dakika yangu ya maneno yaleyale, nazisikiliza moja baada ya nyingine. Siwezi kusikia kosa langu nikiwa naongea. Baada ya nusu saa nikijisikiliza nalisikia lote.

Sasa, kumwiga nani? Hili watu wanalipuuza na mimi naliona ndilo kubwa. Nina mpwa wangu wa Kijenge, chalii wa Chuga kwelikweli, amejifunzia Kiingereza kwenye filamu na muziki. Akifungua mdomo unamsikia mtu wa Atlanta. Anafurahisha, na sauti zake ni sahihi kuliko zangu, lakini muulize swali ambalo halikuwepo kwenye filamu: lafudhi inabaki, maneno yanamkimbia, anajaza pengo kwa "you know what I'm saying". Amechukua koti, shati hajanunua. Kwa upande wa pili kuna wanaojiapiza kuongea kama mtangazaji wa London mpaka wanakuwa wagumu, sentensi inatoka imepigwa pasi, na mteja anashindwa kucheka nao.

Mimi nimekuwa na walimu wa vipande. Wimbo na mshikano wa maneno nimechukua kwa watangazaji wa redio, wanawake hasa, kwa sababu sauti nzito ya mwanaume ukiifuata unakauka koo. Kutulia nimejifunza kwa Mwalimu Nyerere. Mahojiano yake ya Kiingereza yapo mtandaoni na ninawashangaa walimu wasiowapeleka wanafunzi kuyasikiliza. Alisoma Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952, na sauti haikuacha kuwa ya mtu wa nyumbani. Hakuna anayehangaika kumwelewa. Msikilize anavyotua: anatua pale wazo linapotua, si pale pumzi inapokwisha. Anaweka uzito kwenye neno moja la sentensi, mengine yanapita. Na mzaha anauleta kwa sauti ileile ya jambo zito. Nilimfuata Mwalimu kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, tena nyumbani mlango umefungwa, maana hilo usingeweza kulifanya barabarani Arusha bila kuulizwa.

Na mwalimu wangu wa tatu ni dereva wetu mmoja ambaye ofisi nzima tunamwita Babu. Hajavuka darasa la saba. Sarufi yake ukiipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza itarudi na wino mwekundu mtupu. Lakini amebeba wageni tangu mimi sijaanza shule, na hajawahi kuulizwa "Sorry?" Nilikaa naye garini kwenda Karatu nikamsikiliza kwa makusudi. Anaongea polepole kwenye neno la maana na haraka kwenye mengine, bila kufundishwa na mtu. Anamaliza konsonanti zake za mwisho. Na ana vipande vilivyokamilika, alivyovinunua vizima kutoka kwa wageni: "Give me one second." "If I'm not mistaken." "It depends on the rains." Havijengi neno kwa neno, vinatoka kama vilivyo. Wakati ulimi unakisema kipande, kichwa kinatafuta kinachofuata.

Hicho ndicho kilichonipa ufasaha wa simu, kuliko hata matamshi. Kumfuata mtu kwa kivuli kunazoesha mdomo, hakukupi cha kusema. Kwa muda nilikuwa naweza kuiga dakika tano za mwanasiasa wa Uingereza bila kukwama, kisha mteja ananiuliza kuhusu chanjo ya homa ya manjano na ninaanza "eeeh... aaah..." Nikafanya kama Babu. Nilichukua vipande kutoka kwenye mahojiano, vile ambavyo watu wanavisema wakiwa wanatafuta jibu, na kuvifuata hadi vikawa vyangu: "That's a good question, let me check and get back to you." "What I'd suggest is..." "Just to make sure I've got that right..." Cha mwisho ndicho dawa ya namba. Badala ya kunyamaza au kuguna, unasema kitu kizima chenye wimbo sahihi, mteja anatulia, na wewe umepata sekunde tatu. Hata "eeeh" yenyewe ina lafudhi. Ya kwao inakaribia "am", mdomo unafungwa mwishoni. Nilipoibadilisha hiyo tu, mteja mmoja wa zamani aliniuliza kama nilikwenda nje.

Siku hizi ofisini vijana wapya wakija nawapa dakika mbili za sauti na kioo cha bafuni. Wasichana wanakubali upesi. Wavulana wanaona aibu hadi wapigiwe simu na mgeni wa Texas. Kuna dereva mmoja ambaye wageni wake karibu wote ni Wajerumani na Waholanzi, akaniuliza inamfaa nini kuiga Waingereza ikiwa hawaoni. Ana hoja. Wageni hao Kiingereza nao ni cha kujifunza, na ukikata maneno na kuyameza kama mtu wa London unawapoteza zaidi. Nilimwambia mapigo achukue, kumeza aache. Namba aseme mara mbili. "Leopard" aitamke anavyotaka ilimradi amwonyeshe kwa kidole. Mbugani kidole kipo. Ni sisi wa simu tusiokuwa nacho.

Kwa sasa ninahangaika na wakala mmoja wa Glasgow anayepiga Ijumaa, mama mkarimu sana, ambaye kwa wiki za mwanzo nilikuwa namwomba aniandikie barua pepe. Nimepata mahojiano ya redio ya watu wa huko na ninawafuata asubuhi, njia ileile ya Sanawari. Irabu zao zimenigeuza tena mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ila r yao wanaitamka popote ilipoandikwa, hata mwisho wa neno, na wengine wanaigonga kabisa kama yetu. Hapo angalau hatudaiani.